Sikio la Kocha

Ukitaka kujifunza gofu Tabora, utaelekezwa kwa mtu atakayekugeuzia mgongo. Mimi nilielekezwa hivyo miaka tisa iliyopita, nikadhani nataniwa. Nilifika uwanjani na raba mpya, nikamkuta mzee mwembamba mwenye kofia iliyopauka. Akaniwekea mpira kwenye nyasi, akanikabidhi fimbo, halafu akageuka akaelekea upande wa stesheni ya treni, mikono nyuma.

"Piga," alisema.

"Kocha, hunitazami?"

"Nikutazame una nini?"

Niseme mapema ili msomaji asihangaike: mzee yule alikuwa haoni. Hakuwa kipofu wa kushikwa mkono. Aliona mwanga na vivuli, na aliona kitu kikubwa kama ng'ombe au gari, ingawa hakuwa na hakika ni kipi kati ya hivyo viwili. Mimi ni muuguzi. Siku ile ile ya kwanza nilimwona mtoto wa jicho, macho yote mawili, mweupe kama uji. Wanachama wa klabu walijua. Mkata nyasi alijua. Mama muuza karanga wa getini alijua. Aliyedhani hakuna anayejua ni yeye peke yake, nasi tulimsaidia kudhani hivyo, maana kila mmoja wetu alielewa kwamba siku jambo lile litakaposemwa waziwazi, ukocha umekwisha. Na nje ya ukocha, mzee yule hakuwa na kitu kingine cha kumtoa kitandani asubuhi.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kusema. Ninachojua ni kwamba kabla ya gofu alikuwa mgonga magurudumu. Treni iliposimama Tabora, yeye alitembea toka behewa la kwanza hadi la mwisho na nyundo ya mpini mrefu, akigonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima huimba, alisema, na lenye ufa hukohoa. Siku za mapumziko alikuwa akibeba mifuko ya fimbo za wakubwa wake uwanjani, na huko ndiko alikogundua kwamba mpira nao una sauti. Wakubwa walipiga, wakalalamika, wakalaumu upepo. Yeye amesimama nyuma na mfuko begani, tayari ameshajua kosa kabla mpira haujatua.

Uwanja wetu nao ni wa kuuona ndipo uamini. Una mashimo tisa, na kila shimo limezungukwa na mchanga uliokandwa kwa oili chafu ya magari, kwa sababu nyasi laini za kwenye televisheni haziwezi kiangazi chetu. Ng'ombe hukatiza shimo la nne wakienda kunywa maji, nao wana haki ya kwanza, kwa kuwa hawasikii ukiwaambia vingine. Wageni hucheka. Kocha aliwaambia, "Cheka ukimaliza kupiga."

Mwanafunzi mpya aliulizwa swali moja tu: "Umelima?"

Ukijibu ndiyo, alivuta pumzi ndefu. Nami nilijibu ndiyo, kwa sababu mimi ni mtu wa Kigwa, na nimeshika jembe kabla sijashika kalamu. Kumbe huo ndio ugonjwa wetu sote wa huku. Mtu aliyekulia kwenye matuta ya karanga na viazi, ukimpa kitu chenye mpini na kumwambia apige chini, mwili wake hauulizi mara mbili. Atainua juu ya kichwa, atashusha kwa uzito wote, halafu atavuta kuja kwake. Ardhi inapasuka, mpira unabaki pale pale umefunikwa na udongo. Wiki yangu ya kwanza nilitifua eneo ambalo mama yangu angepanda mihogo.

"Jembe linarudi kwako," Kocha alisema. "Fimbo hii iache iende zake. Wewe una shida ya kuachia, Sista."

Alikuwa na milio mitatu, na darasa zima lilikuwa humo. Wa kwanza ni *pu*, yaani umegusa ardhi kabla ya mpira: umelima. Wa pili ni *ng'e*, yaani umeupiga mpira kipara, juu ya kichwa chake, ukakimbia chini chini kama panya. Wa tatu ni *tak*, mkavu, mfupi, ambao mkononi husikii kitu chochote. Huo wa tatu ndio alioutafuta. Alikuwa radhi kusubiri kutwa nzima mtu aufikie, na ukiufikia hakukusifu. Alisema, "Haya, mwingine," kana kwamba ni sahani ya wali.

Ili tuufikie alitumia karanga. Aliweka mpira, akapima kwa vidole vitatu upande wa mbele unakokwenda mpira, akaweka karanga moja yenye ganda. Sheria ni kwamba fimbo ipige mpira kwanza, halafu iendelee kushuka ikavunje karanga. Karanga ikibaki nzima, umelima nyuma au umepita juu. Ikipasuka, unaruhusiwa kuila. Kuna mwezi nilitoka darasani na njaa kila siku, na kuna afisa mmoja wa benki aliyekuwa akija na karanga zake mfukoni ili watu wamwone anatafuna.

Kuhusu uzito wa mwili, alitaka uhame kutoka mguu wa kulia uende wa kushoto kabla fimbo haijafika chini. "Hama," alisema, mgongo ameugeuza. "Wewe umehamisha vitanda, umeacha mke nyumba ya zamani." Na namna ya kushika fimbo ilikuwa: "Kama unapeana mkono na mama mkwe. Imara, lakini usimvute." Mwanafunzi mmoja kutoka Nzega alimwambia kwamba kwao mama mkwe hashikwi mkono kabisa, hupishwa njia. Kocha akafikiri. "Basi ndiyo maana unapiga vile," akamwambia.

Mimi mwenyewe sikuja kwa ajili ya mchezo. Nilikuja kwa ajili ya sukari. Daktari aliniambia nitembee saa moja kila siku, nikatii, nikaanza kuzunguka mitaa ya Chemchem alfajiri. Mitaa ya kwetu mtu hatembei bila sababu. Siku ya tatu jirani alinisimamisha akiwa ameshafunga kitenge, akaniuliza msiba uko wapi ili aongozane nami. Gofu ikanipa sababu ya kutembea. Ukiwa na fimbo mkononi, hakuna anayekupa pole.

Sasa nije kwenye namna alivyokuwa akificha, maana hapo ndipo alipokuwa msanii. Aliwahi salamu. Mtu akiwa bado hatua ishirini, Kocha ameshamjua kwa mwendo wake na kumwita kwa cheo. Alimjua mhasibu mmoja wa darasani kwetu kwa kuburuza kisigino, na mimi kwa funguo za kabati la dawa. Mpira ukipotea kwenye majani, alisimama mikono kiunoni, akasema, "Mnatafuta kitu kilicho mbele yenu," nasi tukatafuta, na aliyeuona akakohoa, na Kocha akaenda moja kwa moja kwenye kikohozi akauonyesha kwa kidole cha mguu. Wageni waliondoka wakisema mzee yule ana macho ya tai.

Siku moja alilifokea begi. Lilikuwa begi kubwa la fimbo, la mhasibu, limesimamishwa kwenye miguu yake ya chuma, na juu mwenyewe amelivisha kofia. Kocha akapita, akasimama, akasema, "Umekakamaa. Kunja magoti kidogo." Begi halikujibu. "Nasema na wewe." Mhasibu, ambaye alikuwa pembeni akinywa chai, akaweka kikombe chini taratibu, akanyata, akasimama nyuma ya begi lake, akakunja magoti. "Hapo sawa, Kocha?" Kocha akasema sasa anaanza kuelewa. Hakuna aliyecheka. Tulicheka baadaye, tukiwa barabarani, mpaka mmoja wetu akakaa chini.

Mwingine ni yule afisa wa benki. Huyu aliamini video za kwenye simu kuliko alivyoamini watu. Alikuja na bingwa wa dunia amepigwa picha taratibu sana, fimbo inashuka kama jani, akamkabidhi Kocha simu ili aone namna kiwiko kinavyokaa. Video ile haikuwa na sauti. Kocha akaipeleka simu sikioni. Akasikiliza kwa muda mrefu, uso umetulia, kisha akamrudishia.

"Huyu bado hajapiga," alisema.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Kanisani, kwenye kwaya, aliwatesa watu kwa sikio lile lile. Mwalimu wa kwaya alikuwa akiomba Mungu ampe mafua. Alikuwa mbishi, mwenye wivu na wanafunzi wake, na alisema uongo bila kupepesa. Mtu aliyekuwa hawezi kuvumilia mpira uliopigwa kwa udanganyifu mdogo wa nusu kidole, alitudanganya mchana kweupe kila siku ya Mungu. Nilimpenda hivyo hivyo. Lakini kila nilipomwona akivuka reli kurudi kwake Isevya, akisikiliza kwanza kulia halafu kushoto, nilisimama mpaka afike ng'ambo. Nilikuwa muuguzi niliyekaa kimya mbele ya mgonjwa, na kazi yangu hainiruhusu hivyo.

Mwaka jana tukapata mwenyekiti mpya, kijana wa miaka arobaini aliyehamishiwa huku kutoka Dar es Salaam. Siku ya kwanza alimkuta Kocha uwanjani, akamwambia, "Mzee, mambo vipi?"

"Marahaba," Kocha akajibu.

Hawakupatana tena. Mwenyekiti akataka kocha mwenye cheti, kocha wa kisasa, anayetazama. Kuna mtu alimnong'oneza kuhusu macho, sikuwahi kujua nani, na sitaki kujua. Akatangaza kwenye kikao kwamba Jumamosi watu sita watapiga mpira mbele ya wanachama, na Kocha atamwambia kila mmoja kosa lake. Akikosea, ataagwa kwa heshima na kupewa kanga ya mke na redio. Kocha alikuwa mjane. Alisema Jumamosi ni siku nzuri.

Wiki ile sisi hatukulala kwa mipango. Mkata nyasi alipendekeza vikohozi: kimoja kushoto, viwili kulia. Mwenyekiti aliyajua mambo yetu, kwa sababu Jumamosi ilipofika alisema neno la kwanza, "Anayekohoa atoke nje." Watu wakasimama kimya kama kwenye mazishi. Kocha akatugeuzia mgongo. Akaona, nadhani, wingu jeupe tu na mahali jua lilipo.

Akapiga afisa wa benki. *Pu.*

"Umelima. Uzito umebaki mguu wa kulia. Na acha kutafuna."

Akapiga mhasibu. *Ng'e.*

"Umeinua kichwa kuutazama mpira kabla hujaupiga. Hauendi popote bila wewe."

Wa tatu alipiga vizuri kiasi, mimi sikuona kasoro. Kocha akasema, "Huyu bega la kushoto linauma, apumzike wiki mbili." Yule mtu akashika bega, akatutazama kana kwamba tumemsema. Wa nne alilima. Wa tano nilikuwa mimi. Funguo nilikuwa nimeziacha nyumbani ili nisimsaidie kwa hila. Nikahama mguu, nikaachia. *Tak.*

"Sista," alisema. "Hapo sina neno."

Wa sita alitakiwa awe mwalimu mmoja wa sekondari. Lakini mwenyekiti akamnyang'anya fimbo kimyakimya, akaweka kidole mdomoni kwake ili tunyamaze, akasogea mwenyewe kwenye mpira. Kocha hakuwahi kumsikia akipiga hata mara moja. Mwenyekiti akazungusha fimbo, mpira ukaenda, si vibaya, ukapinda.

Kocha akainamisha kichwa upande mmoja. "Huyu ni mgeni," alisema. "Halimi huyu, hajawahi kulima. Kosa lake ni kwamba anaogopa. Fimbo ikikaribia mpira anafumba macho."

Na ni kweli alikuwa amefumba. Tulimwona sote, watu arobaini, tumemzunguka. Mkata nyasi ndiye aliyeanza kucheka, halafu hapakuwa na wa kuzuia. Mwenyekiti alisimama na fimbo yake, masikio mekundu. Nimpe haki yake: Jumatatu alikuja darasani akiwa wa kwanza, akasema, "Shikamoo Kocha," akawekewa karanga.

Ungedhani mambo yameisha vizuri, na Kocha ndivyo alivyodhani. Ushindi ule ulimharibu. Akaanza kutembea haraka, kama mtu mwenye macho, na mwezi haukuisha akatumbukia kwenye mtaro karibu na soko. Alikuja kwangu zahanati na mguu uliochanika kutoka gotini, akasema amesukumwa na mbuzi.

Nilisafisha kidonda. Nikafunga bandeji. Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake, na nikasema nililopaswa kusema miaka minane nyuma.

"Kocha, mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Macho hayaui," alisema, akashtuka, kwa sababu mimi sikuwa nimetaja macho.

Nikamwambia kuna madaktari wa macho wanakuja hospitalini, kwamba ni kazi ya nusu saa kwa kila jicho, na nitakuwa naye.

"Sista, wakijua kule uwanjani, nimekwisha."

"Wanajua."

"Nani anajua?"

"Wote, Kocha. Tangu zamani."

Akakaa akihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Nilidhani atalia. "Hata lile begi?" akauliza.

"Lilikuwa begi. Mhasibu alisimama nyuma yake."

Akashusha pumzi. Akasema sisi ni watu waongo sana, na kwamba hakujua ameishi miaka yote hiyo na waongo wakubwa namna ile. Kisha akasema lile lililokuwa likimzuia kweli, na halikuwa aibu. "Mimi nikianza kuona, nitaanza kutazama. Na nikianza kutazama, sijui kama nitasikia." Nilimwambia kwamba asiposikia nitamzibua masikio, lakini mtaro hauna mlio wa kumwonya. Akakubali jicho moja, la kulia, kwa majaribio.

Wiki tatu baada ya kutolewa bandeji aliniita uwanjani, asubuhi ya Jumanne, hakuna watu. Nilimkuta amesimama kwenye mchanga wa shimo la kwanza, akiugusa kwa kiatu. Alinitazama nikija. Hakuniita. Nilipofika akavua kofia.

"Shikamoo mama," alisema.

Mzee wa miaka sabini na ushee. Nami kwa kutahayari nikajibu, "Marahaba."

"Sista?"

"Ndiye mimi, Kocha."

"Mbona umepokea?"

"Mbona umeniamkia?"

Akasema mvi zimemchanganya. Hakujua nina mvi. Nikamwambia zilianza nikiwa darasani kwake. Akacheka, akaniwekea mpira, akapima vidole vitatu, akaweka karanga. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akasimama mbele yangu akanitazama.

Nikapiga. *Tak.* Karanga ikapasuka.

Kocha hakusema "mwingine." Alikuwa ameshika kichwa. "Ndivyo unavyopiga?"

"Ndivyo ulivyonifundisha."

"Mimi? Mtu anafukuza nyoka chumbani, halafu useme ni mimi?" Akanizunguka. Kiwiko kimetoka nje, goti linakatika, kisigino kinaruka. Alicheka mpaka akataka kulifikicha jicho, nikamshika mkono. Basi akaanza kunitengeneza. Kiwiko ndani. Goti litulie. Kichwa hivi. Nikapiga, *pu*. Nikapiga tena, *pu*, na tena. Mwanafunzi wake bora nimerudi kwenye matuta ya Kigwa kwa dakika kumi, na karanga tatu zimekaa nzima kwenye nyasi.

Alikaa chini. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Unaona, Sista," alisema polepole. "Nilikwambia."

Niliona, na iliniuma, kwa kuwa mimi ndiye niliyemshawishi. Nikaketi naye. Nikamwambia atazoea, na jicho la pili limepangiwa Alhamisi ya mwezi ujao, labda yakiwa mawili yatasaidiana.

"Hilo la pili waliache," alisema. "Hili la kulia ni la mitaro na watu. La kushoto ni la kazi."

"Kocha, litazidi kuwa gumu. Nitakuja kukuchukua Alhamisi."

"Alhamisi nina safari."

"Ya wapi?"

"Nitaijua hiyo Alhamisi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya kitaalamu na ya kweli, na nitamwambia bado. Lakini aliinuka, akajipangusa nyasi, akaweka mpira mwingine, akaniambia nipige ninavyojua. Akanitazama kwanza, toka kwenye raba hadi kwenye kilemba, taratibu, na safari hii hakucheka.

"Kwa mlio wako," alisema, "miaka yote hii nilijua wewe ni mrefu."

Mimi ni mfupi. Dawa za rafu ya juu nashushiwa na wenzangu. Nikashika fimbo, nikasimama kwenye mpira, nikajikuta nimenyoosha mgongo kadiri ulivyoweza kwenda.